The Queen's Gambit: tazama ubao, usidanganywe na dari

Tamthilia hii ya Netflix ilitoka tarehe 23 Oktoba 2020. Ina sehemu 7 tu. Iliyo fupi kuliko zote haifiki dakika 50, iliyo ndefu inapita saa moja kidogo, na hadithi inaishia palepale sehemu ya 7 inapoishia. Anayependa kitu cha kumaliza wikiendi moja atashiba. Netflix yenyewe ilitangaza kwamba ndani ya siku 28 za mwanzo nyumba milioni 62 zilikuwa zimeifungua, na mwaka 2021 ikazoa tuzo 11 za Emmy. Hayo yamekwisha kusemwa sana. Kinachosemwa kwa nadra ni namna ya kuitazama, maana iko namna inayompotosha mtu, na ndiyo inayokuja kirahisi zaidi.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Beth Harmon anafiwa na mama katika ajali ya gari akiwa na miaka tisa, anapelekwa kituo cha watoto yatima cha Methuen huko Kentucky, Marekani, miaka ya 1950. Huko anakutana na mambo mawili karibu kwa wakati mmoja. La kwanza ni kidonge cha kijani ambacho watoto wote wanapewa kila siku ili watulie. La pili ni ubao wa chesi alionao Bwana Shaibel, mtunza usafi wa jengo, anayecheza peke yake kwenye chumba cha chini. Kuanzia hapo tunamfuata mpaka utu uzima: Cincinnati, Las Vegas, Mexico City, Paris, na mwisho Moscow mwaka 1968, ambako anataka kumshinda bingwa wa dunia Vasily Borgov. Beth mkubwa anachezwa na Anya Taylor-Joy, mdogo na Isla Johnston, Shaibel na Bill Camp. Camp hasemi maneno mengi, na bado kila anapokuwa kwenye skrini mtu husahau kutazama kingine.

Sasa hiyo namna ya kupotosha. Usiku Beth anameza vidonge, anajilaza chali, na juu ya dari ubao unajitokeza, kete zikining'inia na kusogea zenyewe. Picha hiyo ni nzuri mno, na kwa sababu ni nzuri mno watu wengi wanamaliza tamthilia wakiamini kwamba kidonge ndicho kilichofungua kipaji. Ukiitazama kwa jicho la mchezaji utaona tamthilia yenyewe inakanusha hilo mara kadhaa. Kuona ubao akilini bila kuutazama ni ujuzi wa kawaida kwa wachezaji wa juu, na unajengwa kwa mazoezi. Miguel Najdorf alicheza mbao 45 kwa mpigo bila kuziona, São Paulo mwaka 1947. Timur Gareyev akafikisha 48 huko Las Vegas mwaka 2016, akiwa ameketi juu ya baiskeli ya mazoezi. Hakuna dari wala kidonge hapo; kuna maelfu ya saa za kurudiarudia mipangilio ileile mpaka kichwa kinaizoea. Na Beth naye, ukiacha zile dakika chache za dari, muda mwingi anaonekana akiwa na kitabu mkononi. Shaibel anampa *Modern Chess Openings*, kitabu halisi cha funguzi, yaani mipangilio ya hatua za kwanza za mchezo, naye anakisoma darasani amekificha ndani ya kitabu cha somo. Hapo ndipo kipaji chake kinapolelewa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: weka ubao mezani kabla ya kubonyeza kitufe. Ubao wa plastiki unatosha. Kona ya chini mkono wako wa kulia iwe nyeupe, malkia akae kwenye rangi yake, mfalme pembeni yake. Kama hujui kabisa kete zinavyokwenda, tenga nusu saa ujifunze hilo tu. Mbinu utazikuta njiani.

Kisha cheza kile ambacho Shaibel anamfanyia Beth mwanzoni kabisa, ufungaji wa hatua nne. Herufi a hadi h zinahesabu safu za wima kuanzia kushoto kwa mweupe, namba 1 hadi 8 mistari kuanzia upande wake. Mweupe anapeleka askari e4, mweusi e5. Malkia mweupe anatoka mpaka h5, mweusi anatoa farasi c6. Askofu anakwenda c4. Mweusi, akiwa hajashtuka, anatoa farasi wa pili f6 akidhani anamfukuza malkia, na malkia anakula askari wa f7 akilindwa na askofu. Mfalme amefungwa. Kinachomponza mweusi ni mraba wa f7: mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Dawa yake si ngumu. Badala ya kutoa farasi f6 mapema, sogeza askari g6, malkia arudi f3, ndipo utoe farasi f6. Sasa malkia wa mweupe ametoka mapema bila faida, na mweusi yuko sawa. Mtoto anayejua hilo moja hawezi tena kufungwa hivyo, na utaelewa kwa nini Beth akishafungwa hivyo mara moja anarudi kwenye kile chumba cha chini akiwa mtu mwingine.

Jina la tamthilia nalo ni ufunguzi halisi, mojawapo ya kongwe kabisa zilizoandikwa. Mweupe askari d4, mweusi d5, mweupe askari c4. Anamtoa askari wa c4 kafara, au ndivyo inavyoonekana. Mweusi akimla, mweupe anapata katikati ya ubao. Akitaka kumng'ang'ania yule askari aliyemla, mambo yanaharibika upesi, na hili linafaa kuwekwa ubaoni: mweusi amekula c4, mweupe anasogeza e3, mweusi analinda kwa b5, mweupe anashambulia kwa a4, mweusi anaimarisha kwa c6, mweupe anakula b5, mweusi analipiza kwa askari wa c6. Sasa malkia mweupe anaruka mpaka f3. Mshazari wote mpaka a8 uko wazi na ngome ya mweusi haina mlinzi. Hata akijikinga kwa kuweka kete njiani ataipoteza hiyo kete. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wakimla yule askari humwachia arudishwe baadaye, wakatumia muda huo kutoa kete zao. Kafara hii kwa kweli ni mkopo.

Kwa nini hilo lina uzito katika hadithi? Kwa sababu Beth maisha yake yote ni mtu wa e4. Anapenda vurugu, mistari mikali, na akiwa mweusi anajibu kwa Sicilian, askari c5, ufunguzi ambao Shaibel alimwonyesha. Borgov ameusoma mtindo huo vizuri. Kwa hiyo Beth anapoweka askari d4 halafu c4 mbele ya bingwa, anayejua chesi anainuka kwenye kiti kabla ya mwigizaji yeyote kubadilisha uso. Asiyejua anaona tu mkono ukisogeza kete.

Majina ya sehemu saba yote ni istilahi za mchezo, na hayakupachikwa ovyo. Sehemu ya 3 inaitwa kwa jina la askari wawili waliokaa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Mpangilio huo kwa kawaida ni udhaifu kwa sababu hawawezi kulindana, japo mara nyingine wanafungua njia kwa ngome. Ndiyo sehemu ya Beth na Alma Wheatley, mama mlezi aliyeachwa na mume, na hao wawili wamesimama hivyohivyo: hawana uwezo wa kulindana, na bado wanafunguliana njia. Alma, anayechezwa na Marielle Heller, kwangu ndiye mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Anaomba asilimia 10 ya zawadi za fedha kama wakala, Beth anampa 15. Anamsaidia kughushi ugonjwa ili akose shule aende mashindanoni. Anakunywa, na anamfundisha Beth kunywa, bila ubaya wowote moyoni. Sehemu ya 5 ni ile hali ambayo kete moja, mara nyingi farasi, inashambulia mbili kwa mpigo na lazima moja ipotee. Angalia Beth anavyowekwa kati ya wachezaji wenzake wawili, Harry Beltik na Benny Watts, na kati ya chupa na ubao. Sehemu ya 6 inabeba jina la kuahirisha mchezo, na hapa inabidi nieleze, maana utaratibu huo umekwisha na vijana wengi hawajawahi kuuona.

Enzi hizo mchezo mmoja wa mashindano makubwa uliweza kwenda kwa kasi ya hatua 40 katika saa mbili na nusu kwa kila mchezaji, kwa hiyo saa tano zilipita na mchezo bado. Ukifika muda, aliye na zamu hakusogeza kete. Aliandika hatua yake kwenye karatasi bila mpinzani kuiona, akaitia kwenye bahasha, mwamuzi akaifunga na kuihifadhi pamoja na mpangilio wa kete na muda uliobaki kwenye saa za wote wawili. Mchezo uliendelea kesho yake au baadaye. Usiku wa katikati ndio uliokuwa vita yenyewe: kila upande ulichambua mpangilio ule mpaka alfajiri, na hakuna sheria iliyokataza msaada. Wasovieti walifanya hivyo kwa pamoja, mchezaji na wenzake wamezunguka ubao mmoja kama wazee wa kijiweni waliozingira meza ya drafti, kila mtu na wazo lake. Kompyuta zilipokuwa na nguvu miaka ya 1990, utaratibu ukafa, kwa kuwa mashine ingemchezea mtu mchezo wote uliobaki.

Benny Watts ndiye anayemwambia Beth wazi kwamba Wasovieti wanashinda kwa sababu wanacheza kama timu, ilhali Wamarekani kila mtu kivyake. Mstari huo ndio ufunguo wa tamthilia nzima, kwa maoni yangu, kuliko dari zote. Ukianza kuhesabu watu wanaombeba Beth, hadithi ya kipaji kilichojaa upweke inaanza kubomoka: Shaibel na dola tano alizomkopesha kwa kiingilio cha mashindano ya kwanza, Beltik na makasha yake ya vitabu, Benny na majuma ya mazoezi katika chumba chake cha chini New York, Jolene aliyekua naye Methuen. Kile kidonge, kwa upande mwingine, kila mara kinamkuta peke yake. Sitasema sehemu ya 7 inafanya nini na bahasha ya Borgov. Ila ukiwa umeelewa bahasha ni nini, simu itakapolia utajua kwa nini.

Kuhusu vidonge, tamthilia inasema kweli upande mmoja na kupotosha upande mwingine. Kweli ni kwamba dawa za kutuliza zilitolewa kwa wingi Marekani katika miaka hiyo, wanawake wa majumbani wakiwa wateja wakubwa. Jina la dawa ya Beth limebuniwa, lakini inavyofanya kazi inafanana na kundi la benzodiazepini, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1960. Walter Tevis, aliyeandika riwaya ya mwaka 1983 ambayo tamthilia imetokana nayo, alipokuwa mtoto alilazwa kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa moyo na kupewa dawa ya kulevya ya kutuliza, na ukubwani alihangaika na pombe. Alijua anachokiandika.

Kinachopotosha ni viwili. Dawa za aina hii zinapunguza wasiwasi, lakini pia zinapunguza kasi ya kufikiri na kudhoofisha kumbukumbu mpya. Mchezaji anayehesabu hatua sita mbele akiwa amemeza vidonge vitatu atahesabu vibaya zaidi. Tena mwili unazizoea, kipimo kinapanda, na zikichanganywa na pombe zinaweza kukandamiza pumzi. La pili ni zito zaidi: katika tamthilia mtu anaweza kumwaga vidonge chooni akaendelea na maisha. Kwa mtu aliyezitumia kila siku kwa miaka, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kukosa usingizi, hata degedege. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki au miezi, daktari akifuatilia. Kama una ndugu anayetumia dawa za namna hii, usimwonyeshe onyesho hilo kama mfano wa ushujaa.

Upande wa chesi yenyewe makosa ni machache mno, na si ajabu, kwani washauri walikuwa Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, na Bruce Pandolfini, mwalimu wa New York ambaye alimshauri hata Tevis alipokuwa akiandika. Kete zimekaa mahali pake, saa zinabonyezwa, hatua zinaandikwa. Tatizo ni kasi. Mchezo wa saa tano umebanwa kuwa wa dakika mbili, kwa hiyo wachezaji wanasogeza kete kama wanaogombea basi, na wanakaziana macho muda wote. Katika ukumbi halisi mtu anatazama ubao, anainuka, anazunguka, anakwenda kuchungulia mbao za wengine, anarudi. Sare nazo karibu hazionekani, ilhali ngazi ya juu ndiyo matokeo ya kawaida kabisa. Na maongezi juu ya ubao, yale maneno ya kejeli kati ya hatua na hatua, mwamuzi wa kweli angeyakatiza mara moja.

Kosa linalouma haliko ubaoni. Katika sehemu ya 7 mtangazaji anamtaja Nona Gaprindashvili kama bingwa wa wanawake ambaye hajawahi kukabiliana na wanaume. Gaprindashvili ni mtu halisi, amezaliwa Zugdidi, Georgia, mwaka 1941, bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 hadi 1978, na hadi 1968 alikuwa amekwisha kucheza na wanaume kadhaa wa kadhaa, wakiwemo magrandmasta, wenye cheo cha juu kabisa cha chesi. Mwaka 1977 aligawana nafasi ya kwanza katika mashindano ya Lone Pine, Marekani, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandmasta. Riwaya ya Tevis ilisema kinyume cha kile tamthilia ilichosema: kwamba amekutana na magrandmasta wale wa Kirusi mara nyingi. Waandishi wa tamthilia walimpunguza mwanamke halisi ili wa kubuni aonekane wa kwanza. Aliishtaki Netflix mwaka 2021, akiwa na miaka 80, akidai dola milioni 5, na mwaka 2022 pande hizo zikapatana. Unapofika kwenye sentensi hiyo, ujue.

Kwa upande wa wanaume, tamthilia imewapaka mafuta. Karibu kila anayeshindwa na Beth anampa mkono, anamsifu, hata anajitolea kumfundisha. Judit Polgár, Mhungaria aliyekuwa grandmasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na kuvunja rekodi ya umri ya Mmarekani Bobby Fischer, alisema waziwazi kwamba wanaume hao ni wema kupita kiasi. Naye alimshinda Kasparov mwaka 2002, kwa hiyo anajua sura za wanaume wanaoshindwa.

Wazazi wanauliza kama inafaa kwa mtoto aliyeanza kupenda chesi. Haifai. Netflix imeiweka daraja la watu wazima, na ina sababu: kifo cha mama, ulevi, vidonge, mambo ya chumbani. Kwa mtoto wa miaka 10 mpe *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyefundishwa chesi na Robert Katende katika mtaa wa Katwe. Lupita Nyong'o anacheza mama yake. Phiona ni mtu wa kweli, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Chesi, na mbao za filamu ile zimewekwa kwa uangalifu vilevile. Watoto watauliza maswali ya umaskini badala ya maswali ya vidonge, na hayo mzazi wa kwetu anaweza kuyajibu.

Mtu mzima akishamaliza sehemu ya 7 amebakiwa na kazi moja tamu. Mchezo wa mwisho kati ya Beth na Borgov haukubuniwa kutoka hewani: umefuata mchezo wa Vasyl Ivanchuk na Patrick Wolff, Biel, Uswisi, mwaka 1993, ukarudishwa nyuma miaka 25. Mchezo ule halisi uliisha kwa sare. Kasparov aliutazama, akaona mahali ambapo mweupe angeweza kucheza kwa nguvu zaidi, na kuanzia hapo Beth anaiacha njia ya Ivanchuk. Mchezo wa Biel unapatikana bure kwenye hifadhidata yoyote ya chesi mtandaoni. Uweke ubaoni, fungua sehemu ya 7 pembeni, simamisha picha kila mkono unapoachia kete, ulinganishe. Mahali zinapoachana, funika skrini na utafute mwenyewe hatua ya mweupe kabla hujaangalia ya Beth. Jipe dakika 20.